Bwawa la milimani si bahari ya Msasani: jibu kwa mpiga kasia anayekwenda Mufindi

"Habari mtaalamu. Nina miaka 34, naishi Mikocheni. Huu ni mwaka wa tatu napiga kasia baharini. Wikiendi natoka Msasani hadi kisiwa cha Bongoyo na kurudi, na kuogelea najua vizuri. Julai hii, baada ya Sabasaba, mimi, mdogo wangu na rafiki yetu mmoja tunapakia kayaki juu ya gari tunakwenda Mufindi, kwenye bwawa la shamba moja la chai. Meneja ameshatupa ruhusa, na picha alizotutumia zinaonyesha maji yametulia kabisa. Mpango ni kuondoka Dar jioni, kufika asubuhi, na saa nne tuwe majini. Tunataka kuvuka kutoka upande wa ukuta hadi upande wa msitu, kama kilomita moja na nusu, tule huko, turudi alasiri. Mke wangu anang'ang'ania tuvae majaketi ya kuokolea. Mimi naona bwawa halina mawimbi wala mkondo, jaketi linabana mabega, na tukipinduka tutaogelea tu. Si bwawa ni salama kuliko bahari? Nauliza pia kuhusu kichocho, na kuhusu mdogo wangu ambaye pumu humshika mara mojamoja."

Ndugu yangu, mkeo ana haki. Nitakueleza kwa nini, maana mtu aliyezoea maji ukimwambia "vaa" bila kumpa sababu, atavaa mbele ya mkewe na kuvua akishafika. Naelewa unavyoona mambo. Mtu anayetoka Msasani kusi likivuma, akarudi ana chumvi mpaka kwenye nyusi, akioneshwa bwawa lililozungukwa na chai ataona amepata mapumziko. Umeandika kuhusu mawimbi, mkondo, umbali na ruhusa. Jambo moja hukuligusa kabisa, nalo ndilo linaloua watu wanaojua kuogelea: ubaridi wa maji.

Bahari yetu imetudekeza. Hata Agosti inapopoa, maji ya Dar huwa kwenye digrii 25 hivi, na kufika Machi yanakaribia 30. Ukianguka pale, tatizo lako ni kupanda tena tu. Mufindi iko mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Julai ndio katikati ya kipupwe. Usiku hewa hushuka chini ya digrii 10. Kusi hilohilo linalotusumbua huku Pwani likifika kule hugonga ukingo wa milima, hupanda, hupoa na kugeuka ukungu na manyunyu yanayoweza kuziba jua asubuhi nzima. Bwawa hupoteza joto usiku kucha, na vijito vinavyoliingia vinatoka msituni vikiwa baridi. Panga safari kwa kudhani maji yako digrii 15, na ubebe pimajoto ya kawaida ya kuhakikishia. Usipime kwa mkono pale ukingoni saa saba mchana. Maji ya kina cha goti yaliyopigwa na jua hayasemi chochote kuhusu maji ya katikati.

Sasa nini hutokea mtu akitumbukia ghafla kwenye maji ya digrii 15? Ngozi ikipoa kwa haraka, mwili hautaki ushauri wako. Kwanza unavuta pumzi moja kubwa bila kukusudia. Kama wakati huo uso uko chini ya maji, hiyo pumzi ni maji. Kisha unaanza kuhema mfululizo, huwezi kujizuia, mapigo ya moyo yanapaa na shinikizo la damu linapanda. Mtu ambaye nchi kavu anazuia pumzi kwa dakika nzima, hapo anaweza kushindwa hata sekunde 10. Hali hii huanza kuonekana maji yakiwa chini ya digrii 25, na hufikia kilele kati ya digrii 15 na 10. Ona basi kwamba hatuzungumzii maji ya barafu ya Ulaya. Ni maji ya Mufindi ya Julai. Na haihusiani na ushujaa wala ufundi wa kuogelea. Muogeleaji hodari anayehema ovyo hawezi kupanga mkono na pumzi, kwa hiyo ufundi wake haupo mezani kwa dakika hiyo ya kwanza.

Habari njema ni kwamba mshtuko huo hupita. Baada ya dakika moja hadi tatu pumzi hutulia. Kazi ya jaketi ni kukufikisha huko ukiwa na pua juu ya maji, wakati wewe mwenyewe huna uwezo wa kujisaidia. Ndiyo maana kulifunga nyuma ya kiti, kama wengi wanavyofanya wakielekea Bongoyo, hakuna maana: kulivaa majini kunahitaji mikono miwili na pumzi iliyotulia, na vyote viwili hutakuwa navyo.

Baada ya hapo inakuja awamu ya pili, ambayo watu hawaijui. Mwili unaanza kubana damu ibaki kifuani na tumboni, na mikono na miguu inaachwa ipoe. Vidole vinakuwa vizito, mshiko unalegea, misuli ya mkono inakataa kuvuta. Kwenye maji yanayokaribia kuganda hili huja ndani ya dakika 10 hivi. Kwenye digrii 15 una muda mrefu zaidi, sitaki kukutisha kwa hesabu zisizo zako, lakini nusu saa ndani ya maji hayo inatosha kukufanya ushindwe kufungua kamba uliyoifunga mwenyewe. Awamu ya tatu, ya mwili mzima kuishiwa joto, huchukua saa kadhaa kwa ubaridi huo. Watu huiogopa hiyo ya tatu, kumbe wengi huzama kwenye ya kwanza na ya pili, wakiwa bado na joto la kutosha moyoni.

Ukiuliza kwa nini hewa ya digrii 15 unaivumilia kwa sweta moja na maji ya digrii hizohizo yanakulaza, kumbuka chai ya moto: ukiiacha mezani inapoa polepole, ukikikalisha kikombe kwenye beseni la maji unakunywa baada ya muda mfupi. Maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa hiyo mavazi hupangwa kwa kufuata maji, hata kama jua linawaka. Jinzi na fulana za pamba ziache garini. Bora kabisa ni suti ya mpira ya wapiga mbizi ya milimita 3, na kwa hapa Dar unaweza kuulizia ya kukodi kwa wanaoendesha shughuli za kuzamia. Usipoipata, fulana ya michezo ya poliesta mwilini, sweta ya sufu juu yake, na koti jepesi la kuzuia upepo. Sweta za sufu halisi zimejaa kwenye mitumba ya Karume, na hakuna anayezigombania kwa joto la Dar. Sufu ikilowa bado inashika joto kiasi. Pamba ikilowa ni mzigo wa maji mgongoni. Kofia ya kusokotwa nayo usiisahau, na seti nzima ya nguo kavu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji, ndani ya kayaki, kwa kila mtu.

Turudi kwenye jaketi. Malalamiko yako kwamba linabana ni ya kweli, na sababu nadhani naijua. Yale ya rangi ya chungwa yanayogawiwa kwenye boti, yenye mto nyuma ya shingo, yametengenezwa kwa abiria aliyekaa. Mpiga kasia anahitaji jaketi fupi, lenye matundu mapana ya mikono na mikanda ya kukaza ubavuni, lenye nguvu ya kukuinua majini ya nyutoni 50 (kipimo cha nguvu). Ukilivaa, likaze, kisha mwambie mdogo wako alivute juu kwa kushika mabegani. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwako au hujalikaza. Na kumbuka kule hakuna chumvi: mita ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, ya bwawa kilo 1,000. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini mwili uliozoea kuelea Msasani utauona umekaa chini zaidi. Hewa nayo ni nyepesi. Kila pumzi utakayovuta kule ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar. Utachoka mapema kidogo kuliko unavyotarajia, hasa ukiwa umekesha barabarani.

Hilo la kukesha linanigusa. Dar hadi Mafinga, mji wa kuingilia Mufindi, ni karibu kilomita 600, na kati yake kuna Mikumi na mlima Kitonga. Mtu aliyeendesha usiku kucha, hajala vizuri, akaingia kwenye maji ya baridi saa nne, amejipunguzia joto na akili kabla hajashika kasia. Ondokeni alfajiri, mlale Mafinga, muingie majini kesho yake.

"Tukipinduka tutaogelea tu" ndiyo sentensi iliyonifanya nikujibu kwa urefu. Msiogelee. Kayaki iliyopinduka ni boya lenu kubwa, na upepo ukiwepo, kayaki tupu hukimbia kuliko muogeleaji. Ukiiachia umepoteza kila kitu. Shika kayaki kwanza, kasia baadaye. Tulia dakika hiyo moja, mgongo kwenye upepo, mdomo juu, mpaka pumzi irudi. Halafu panda. Na kupanda huku ndiko ninakotaka mkufanyie mazoezi hapa Msasani kabla ya kufikiria Mufindi, maana watu wengi niliowaona wanapiga kasia vizuri sana hawajawahi kujaribu kupanda kutoka kwenye kina. Kama kayaki zenu ni za kukalia juu, mbinu ni kulala tumbo majini ubavuni mwake, kupiga miguu mpaka mwili ulale, kujivuta hadi kitovu kifike katikati, kisha kugeuka na kukaa. Anayejaribu kupanda akiwa wima, miguu ikining'inia, huivuta kayaki impindukie. Kama ni zile za kuingiza miguu ndani, mnahitaji mwenzenu alete kayaki yake isimame kama herufi T na ya kwenu, ainyanyue pua ya iliyopinduka juu ya mapaja yake maji yamwagike, aigeuze, aishikilie imara ubavu kwa ubavu, ndipo aliyeanguka apande. Fanyeni mpaka ichukue chini ya dakika mbili, mkiwa mmevaa nguo zilezile za safari. Mtafuteni mwalimu au mpiga kasia mzoefu awe nanyi majini alasiri moja awaangalie. Haya hayajifunzwi kwa kusoma, hata nikiyaandika vizuri namna gani.

Kuhusu mawimbi, picha ya asubuhi imewadanganya. Upepo wa milimani una ratiba yake. Usiku hewa baridi hutelemka kutoka miteremkoni. Asubuhi huwa shwari. Jua likishapasha miteremko, hewa hupanda na upepo huvuta kupitia bondeni, ukiongezeka kuanzia karibu na adhuhuri. Mpango wenu wa kuvuka saa nne na kurudi alasiri unawaweka katikati ya bwawa wakati mbaya kuliko yote, tena mkiwa mmeshiba na mmepoa. Mawimbi ya bwawa hayawi makubwa kama ya baharini kwa sababu upepo hauna nafasi ndefu ya kuyajenga, ila huwa mafupi na yamesimama, na yakigonga ukuta wa bwawa hurudi na kukutana na yale yanayokuja. Kayaki hukosa pa kulala. Ukungu nao ukishuka huoni ukingo, na bila dira utapiga kasia ukizunguka.

Ndiyo maana nawashauri msivuke. Zungukeni ukingoni, umbali ambao hata mikono ikigoma mtafika kwa kupiga miguu, tuseme mita 30 hadi 50 kutoka nchi kavu. Kilomita ni zilezile, na uzuri wa bwawa uko pembezoni: vihori vinavyoingia msituni, ndege, visiki vya miti iliyozamishwa. Visiki hivyo muviangalie pia, kwa sababu maji ya bwawa hupanda na kushuka kwa matumizi, na kisiki kilichokuwa chini mita moja mwezi jana leo kinaweza kuwa inchi chache chini ya kayaki. Ukuta wa bwawa uacheni kabisa. Pale kuna mlango wa kuchotea maji na njia ya kumwagia maji yaliyozidi, na kwa juu maji yanaonekana yamelala wakati chini yanavutwa. Muulizeni mlinzi milango iko wapi na hufunguliwa lini, na kama kuna mamba au viboko. Mngekuwa mnakwenda bwawa la Mtera ningeanza jibu langu na wanyama hao.

Mkifika, kabla ya kuanza safari, ingieni majini kwa hiari. Mkiwa mmevaa kila kitu, mbele ya ukingo, nendeni mpaka kiunoni, jimwagieni usoni, kisha shukeni hadi mabegani na msubiri pumzi itulie. Mtajua papo hapo maji hayo ni ya namna gani. Kama mmojawenu hataki kukaa humo dakika mbili karibu na ukingo, basi siku hiyo kayaki zirudi juu ya gari.

Mdogo wako. Hewa baridi na kuhema kwa ghafla ni vichochezi viwili vya pumu, na huku Dar huenda hajawahi kukutana navyo kwa pamoja. Aende akaonane na daktari wake, si duka la dawa, aeleze hasa anachokwenda kufanya: mwinuko, maji baridi, kupinduka. Daktari aangalie kama pumu imedhibitiwa na kama anahitaji dawa ya kuzuia kabla ya safari. Akiruhusiwa, pampu yake ikae kwenye mfuko wa jaketi alilovaa, si kwenye begi, na ninyi wawili mjue kuitumia. Kama ndani ya mwezi huo ameamka usiku kwa kubanwa kifua, abaki ukingoni awapikie. Nasema vivyo hivyo kwa mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo, kwa ajili ya ule mshtuko wa kwanza. Mwenye selimundu nisingemwingiza kwenye maji hayo hata kidogo. Baridi inajulikana kwa kuamsha maumivu makali.

Mtu akitoka majini anatetemeka, hilo ni jambo la kawaida, mwili unajipasha. Mkiona amekuwa mzito wa kuongea, anashindwa kufunga zipu, anakasirika bila sababu, safari imekwisha. Mbaya zaidi ni aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado ni baridi. Mlazeni chali sehemu isiyo na upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni kwa nguo kavu kuanzia kifuani na kichwani, na kama anajitambua na anameza vizuri apewe chai ya moto yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, msimtembeze, na msimpe pombe: hufungua mishipa ya ngozi, anahisi joto huku joto lenyewe linamtoka. Kisha hospitali. Na yeyote aliyemeza au kuvuta maji, akabaki anakohoa au kuhema kwa shida saa kadhaa baadaye, naye apelekwe hata kama anasema yuko sawa. Zimamoto na Uokoaji ni 114, Polisi 112, lakini kati ya vilima vya chai mtandao hupotea, kwa hiyo mlinzi au meneja aachiwe kwa maandishi mko wangapi, mnapita upande gani, na saa ngapi akiwa hajawaona aanze kuwatafuta.

Je, kuna wakati bora kuliko Julai? Ningekuwa mimi ningesubiri Oktoba. Maji yanakuwa yamepata joto, ukungu umepungua, na mvua bado. Upepo wa mchana huwepo, ila ratiba ya asubuhi inautatua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni mvua na radi, na mtu kwenye kayaki katikati ya bwawa ndiye kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji. Mkisikia ngurumo chini ya sekunde 30 baada ya kuona mwanga, tokeni, na msirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Lakini kama Julai ndiyo likizo pekee mnayoipata, nendeni kwa masharti niliyoyataja. Sikukatazi, nakupunguzia umbali na kukuongezea nguo.

Kichocho mwisho, maana ndicho kinachonitia wasiwasi mdogo zaidi hapa. Vimelea hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye majani ya kandokando, huogelea na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Baridi ya nyanda za juu huwapunguza ila haiwafuti, na kwenye mabwawa ya joto huwa ni tatizo kubwa zaidi. Ingilieni sehemu yenye mawe au mchanga badala ya matete, vaeni viatu vya majini, na msidhani kujifuta kwa taulo kunatosha. Kipimo hakionyeshi kitu mapema, kwa hiyo msikimbilie maabara mkirudi. Subirini wiki sita hadi nane, kisha mkapime mkojo na choo. Mkienda Julai, hiyo ni mwishoni mwa Agosti au Septemba. Kichocho kikionekana, kuna dawa ya praziquantel, ambayo daktari atawapa kwa kupima uzito wenu. Homa, kikohozi au vipele vya kuwasha vikitangulia wiki chache baada ya safari, nendeni mapema, na mwambieni daktari mlikuwa kwenye bwawa, maana kwa mgonjwa wa Dar mwenye homa atafikiria malaria kwanza.